Nilivyomsomea Mdogo Wangu Fumbo la Gazeti

Mdogo wangu alipopofuka kabisa, mwanawe alimleta kwangu Lipangalala kwa bajaji, na sanduku moja la nguo na mfuko wa plastiki umejaa penseli. Nilimuuliza kipofu anataka penseli za nini. Akasema, "Za kwako, dada. Utaniandikia."

Sikuwa nimeambiwa. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto: yeye anapanga, wewe unakuta umeshapangwa.

Alikuwa nesi miaka mingi. Presha ya macho ilimla jicho moja, akanyamaza, maana manesi hawapendi kutibiwa, mpaka ikala na la pili. Mume alishamzika. Mwanawe ni mmoja tu, anakaa Morogoro na mke asiyetaka mkwe ndani ya nyumba. Kwangu kulikuwa na chumba, wajukuu niliowalea wameshaondoka. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilitandika kitanda.

Kitu ambacho hakuweza kukaa bila kuwa nacho ni gazeti. Si habari, habari alisikiliza redioni. Alitaka ukurasa wa ndani wenye fumbo la maneno, vile vyumba vyeusi na vyeupe, na maswali yake pembeni: kwenda kulia, kwenda chini. Alianza kulijaza akiwa kazini, wakati wa mapumziko, na hakuacha. Gazeti huku kwetu linafika na basi, jua limeshapinduka. Jirani mmoja wa bodaboda, mzee kama sisi, alikuwa analichukua kituo cha basi Kibaoni na kulitupa uani akipita, bila hata kupunguza mwendo.

Tunakaa kibarazani, mimi na miwani yangu, yeye na mikono yake mapajani. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo, na mtoto mgongoni. Nasoma kwa kidole. Neno refu nalikata vipande kama muhogo, halafu nalirudia lote. Yeye hakuwa na subira ya vipande.

"Nne kwenda chini," nasoma. "Ndege wa..."

"Vyumba vingapi?"

"Sijamaliza kusoma."

"Vyumba vingapi, dada?"

Nahesabu kwa ncha ya penseli. "Vitano. Ndege wa usiku mwenye..."

"Bundi. Andika. Twende."

Naandika bundi. Kesho yake gazeti jipya linakuja na majibu ya jana, namsomea moja moja, naye anaitikia "ee, ee," kama mtu anayepokea haki yake. Siku nyingi hakukosa hata moja. Siku akikosa moja, chakula hakimpiti vizuri.

Lazima niseme habari ya shule, maana bila hiyo mtaniona mchawi tu. Nilikuwa darasa la pili na yeye hajaanza. Mwaka huo ndege kwelea walishuka kwenye mpunga wa baba kama moshi, nusu ya shamba ikabaki mabua. Mwaka uliofuata baba akasema mmoja ataamia ndege, awafukuze wasile mpunga, na mmoja atasoma. Mdogo alikuwa na kifua kibovu, akilia anakohoa. Mimi nilikuwa na mikono na sauti. Basi nikapandishwa kwenye dungu, kile kitanda cha miti juu ya nguzo nne katikati ya mpunga, na kombeo, na matonge ya udongo, na kamba zilizofungwa makopo. Toka alfajiri mpaka jua linazama, msimu kwa msimu, mpaka nikaolewa. Sauti yangu hii ya kukwaruza iliharibikia pale. Daftari langu la darasa la pili akapewa yeye. Alianza kuandika pale nilipoishia mimi, ukurasa uleule.

Kwa hilo simlaumu. Mtoto hapangi. Ninachomlaumu ni kwamba alisahau.

Jambo lingine ni mama yetu. Mama alizeeka vibaya. Alitusahau sisi, akasahau njia ya chooni, mwisho akawa anakula udongo, na mimi ndiye niliyemlea hadi siku ya mwisho, mdogo wangu akija likizo na sabuni na dawa. Yeye aliogopa sana kuwa vile. Wiki ya kwanza tu alipofika kwangu aliniambia, akiwa anachambua mchicha kwa kupapasa:

"Dada, nisikilize. Macho yameondoka, basi. Lakini nikianza kushindwa fumbo, siku kwa siku, nitajua ya mama yamenifika. Siku hiyo sitaki kuambiwa. Nitaondoka mwenyewe niende kwa masista wanaotunza wazee. Wewe ulishalea mwehu mmoja, hutalea wa pili."

Nikamwambia, "Chambua mchicha."

Kwa hiyo nilijua. Sisemi sikujua.

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwangu. Kina mama wa jirani kama kumi hivi, baada ya rozari wakabaki kunywa uji. Gazeti likatupwa uani. Mdogo wangu akasikia linavyoanguka, akasema, "Dada, lete, tuwaonyeshe hawa." Nikalisoma mbele yao. Kwenye neno moja refu nikakwama, nikalirudia, nikakwama tena. Wale wanawake walikuwa wananitazama mdomo.

Mdogo wangu akacheka. Akasema, "Jamani mvumilieni. Dada yangu anasoma kama anaamia ndege."

Walicheka mpaka mmoja uji ukampalia. Mwingine akaniuliza, "Eti bibi, na kombeo uko nalo?" Wakacheka upya.

Hapo angeachia. Hakuachia. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akanishika bega, akasema kwa sauti ya kubariki: "Lakini Mungu ametupanga vizuri. Macho ni ya dada, akili ni zangu."

Wakasema amina, kwa utani. Mimi nikakusanya vikombe. Niliviosha vyote, na sufuria, na nikasugua hata masizi ya nje ambayo huwa siyagusi.

Kesho yake, Jumapili, tumetoka kanisani, tukakaa. Swali la tatu kwenda kulia lilisema chombo cha kupepetea nafaka. Vyumba vilikuwa vinne.

"Vyumba vingapi?"

"Sita," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka sikulirudisha.

"Ungo," akasema. "Hapana, ungo ni nne. Sita..." Akakunja uso. Akajaribu maneno ambayo si ya Kiswahili wala ya kwetu. Mwisho akasema, "Lipite hilo." Nilikuwa sijawahi kusikia akisema lipite.

Siku ya pili nikamsomea majibu. "Tatu kwenda kulia, ungo."

"Ungo ni nne."

"Ndiyo, nne."

"Jana ulisema sita."

"Nilisema nne."

"Dada, ulisema sita. Nimekaa hapa nusu saa nikitafuta neno la herufi sita."

"Nilisema nne. Ulisema lipite, nikalipitisha. Nilishangaa kidogo, lakini wewe ndiye mwenye akili."

Niliona vidole vyake vinahesabu juu ya kanga. U, n, g, o. Akavikunja.

Nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyemaliza palizi.

Sikumdanganya kila swali. Mwongo mjinga ndiye anayemaliza chumvi yote kwenye chungu kimoja. Nilimwachia maswali mengi ya kweli, nikaharibu mawili, siku nyingine moja, siku nyingine nikamwacha kabisa apumue, akapata yote, akafurahi, akaimba jikoni. Kesho yake nikamrudia. Vyumba saba nikasema vinne. Herufi ya kwanza ipo nikasema haipo. Mara nyingine akitoa jibu namwambia, "Hilo umeshalitaja sasa hivi."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nimeshaandika."

"Nimelitaja?"

"Wewe huyohuyo. Twende."

Hata lile neno lake, twende, nililichukua likawa langu.

Hivyo ilikuwa tangu mpunga unavunwa mpaka watu walipoanza kusafisha mashamba upya. Yeye akawa anapungua. Aliacha kunisahihisha. Nikikwama kwenye neno ananingoja, anasema, "Soma unavyoweza, dada, hatuna haraka." Wanawake wa jumuiya walipokuja hakuomba gazeti. Mmoja akamuuliza, "Bibi Nesi, leo hatuonyeshwi?" akasema kichwa kinamuuma. Asubuhi nilimsikia chumbani anajipima: anataja mifupa ya mwili, anataja vitabu vya Agano la Kale kwa mpangilio, akifika katikati anarudi mwanzo kwa kuwa hana hakika kama hajaruka. Alikuwa hajaruka. Nilikuwa nje nafagia, nilisikia vyote vipo.

Siku moja tunamenya viazi akaniuliza, "Dada, mama alianzaje? Mimi sikuwepo. Kitu cha kwanza kabisa kilikuwa nini?"

Mama alianza kwa kuweka vitu mahali pasipo pake. Chumvi kwenye kabati la nguo, kanga kwenye pipa la mchele. Nakumbuka kama jana.

Nikamwambia, "Alianza kwa kukosea hesabu. Unamtajia namba, anashikilia nyingine."

Kisu chake kikasimama. Akauliza, "Na alikuwa anabisha?"

"Sana," nikasema.

Akaendelea kumenya. Katika kila baya nililolifanya, hilo ndilo nikikaa peke yangu nalirudia kwa mdomo, nione kama litakuja na sababu. Haliji. Alikuwa hajanitania siku hiyo wala mwezi huo. Alikuwa anamenya viazi vyangu.

Siku zilezile na mimi nilikuwa naendelea. Kusoma kila siku kunatia kidole kasi. Nilianza kuyaona majibu kabla yake, halafu nikaanza kujaza yeye akiwa amelala mchana. Siku moja nikalimaliza lote peke yangu, kulia na chini, na kesho yake majibu yakaja yakawa hayohayo. Nilisimama katikati ya uwanja na gazeti mkononi. Mtoto wa dungu, darasa la pili. Nikaingia ndani nikamwambia.

"Jana nililijaza lote peke yangu. Sikukosa."

Alikuwa amekaa kitandani. Akageuza uso upande wangu, si palepale nilipo, pembeni kidogo, kama wanavyofanya vipofu. Akasema, "Hongera, dada. Basi mimi naweza kuondoka."

Nikadhani anasema maneno tu. Jioni akaomba simu, akampigia mwanawe, akamwambia aje Ijumaa, kuna kikao.

Nilitaka ashuke. Sikutaka aondoke. Mimi nilikuwa nimeyaona hayo ni kitu kimoja, mpaka aliponiomba nimtolee sanduku chini ya kitanda na kulipangusa vumbi. Nililipangusa. Nilipangusa na kufuli.

Mwanawe akaja na basi la asubuhi. Akanisalimu, "Shikamoo mama mkubwa," nikamwitikia, nikampa chai na mihogo. Mdogo wangu akakaa kitini amevaa gauni lake la kwenda kanisani. Akazungumza kama anayesoma ripoti ya wodi. Kwamba ana dalili. Kwamba zilianza wakati wa mavuno. Kwamba anasikia namba zisizosemwa na kusahau majibu aliyoyatoa mwenyewe. Kwamba dada yake amemvumilia sana, wala hajamsema kwa mtu. Kwamba ameshawatumia masista ujumbe kupitia mama mmoja wa jumuiya, nafasi ipo, na anataka apelekwe kesho akiwa bado anajua ni wapi anapelekwa.

Mwanawe akawa analia kimya, anafuta pua kwa mkono wa shati. Nikautoa muhogo niliokuwa nao mdomoni.

Nikasema, "Huna dalili yoyote."

"Dada."

"Huna. Ni mimi. Vyumba vikiwa vinne nilikuwa nakwambia sita. Kesho yake nakukana. Ungo ulisema nne ukakosa kwa sababu yangu. Majibu uliyoambiwa umeshayatoa hukuyatoa. Nimefanya hivyo toka mavuno mpaka juzi. Na habari ya mama kukosea hesabu ni uongo, mama alianza kwa kuweka chumvi kabatini."

Kuku akaingia mpaka katikati ya chumba na hakuna aliyemfukuza.

Mwanawe akaniuliza polepole, "Kwa nini, mama mkubwa?"

"Kwa sababu alinicheka mbele ya watu."

Akamgeukia mama yake. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile la zamani, la kwenye jumuiya.

"Umeona mama yako mkubwa alivyo na moyo?" akamwambia mwanawe. "Hataki niende. Anajitwisha dhambi ili nibaki."

"Sijitwishi. Nilifanya."

"Dada, acha. Mimi nakujua. Ili umdanganye mtu hivyo, ukumbuke jana ulisema ngapi, leo ukane, kesho umwachie, keshokutwa umrudie, miezi yote hiyo bila kujichanganya hata mara moja, hiyo inataka akili." Akapapasa hewani akinitafuta bega. "Akili hiyo wewe huna, dada yangu. Huna. Ungekamatwa siku ya kwanza."

Nilikwenda chumbani nikaleta magazeti, rundo zima. Nikamwonyesha mwanawe: hapa, na hapa, hesabu mwenyewe. Akahesabu. Vyumba vilikuwa vilevile vilivyo, na maneno ndani yake yalikuwa sahihi, kwa mwandiko wangu, maana majibu yakishatoka nilikuwa najazia ili ukurasa usibaki na mapengo. Uongo wangu wote ulikuwa wa mdomo. Haukuandikwa popote. Yule kijana akayafunga magazeti taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgonjwa kitu chake.

"Asante kwa kumtetea," akasema.

Nikamwambia, "Basi msomee wewe. Gazeti la leo hujaona wala sijaona. Msomee wewe, umwambie vyumba wewe. Utaona kama hana akili."

Tukangoja gazeti. Sijawahi kulingojea vile, hata posa yangu sikuingojea hivyo. Lilipoanguka uani nililiokota mwenyewe nikampa bila kulifungua. Nikamwambia achague swali jepesi. Nilitaka lile jepesi kabisa.

Akasoma vizuri, kwa sauti ya watu wa ofisini. "Moja kwenda kulia. Mtoto wa ng'ombe. Herufi tano, mama."

Ilitakiwa jibu liwe limetoka kabla mwanawe hajafunga mdomo. Mdogo wangu akainua kichwa. Nikaona neno linapita usoni mwake, naapa nililiona.

"Ndama," akasema.

Nikasema, "Umeona?"

Lakini alikuwa ameanza kuhesabu. N, d, a, m, a. Akafika dole gumba. Akarudia kwa mkono wa pili.

"Umesema tano?"

"Tano, mama."

"Hukusema saba?"

"Hapana, tano. Ni ndama, umepata."

"Usinisaidie." Sauti yake ikawa nyembamba. "Usinisaidie, wewe ni mwanangu, utasema tu ili nifurahi. Mwanzo ulisema ngapi? Ukisoma mara ya kwanza."

"Nilisema tano."

"Mimi nilisikia..." Akaacha. Akakunja vidole vyote, mkono mmoja, na mwingine. "Basi si ndama. Ingekuwa nyepesi mno. Sijui. Andika sijui, tusonge."

Mwanawe hakuandika. Nilimshika mdogo wangu kwenye magoti, nikamwambia ni ndama, ni ndama, nimeliona na mimi, vyumba ni vitano nimevihesabu. Akanipapasa kichwa. Akaniambia nisilie, ingawa nilikuwa silii.

Asubuhi bajaji ikaja mpaka mlangoni. Nilibeba sanduku, nikalifunga nyuma kwa kamba, nikarudi kumshika mkono. Kibaraza changu kina kidato kimoja. Amekishuka kila siku bila msaada tangu aje.

"Kimoja tu," nikamwambia. "Shuka, mdogo wangu. Ni kimoja."

Akashuka. Halafu akasimama pale chini, akinishika kwa nguvu, mguu unapapasa mbele, unatafuta cha pili. Dereva akapiga honi. Hakusogea mpaka mwanawe alipokuja upande wa pili akambeba.